Kwadi mbili, kamba moja

Nina kwadi mbili Nungwi, Zanzibar, zile pikipiki za magurudumu manne, ninazozungusha nazo wageni vijijini. Moja ina selfu tu, ile mota ya umeme ya kuwashia injini kwa kitufe. Nyengine ni ya zamani kidogo, cc 400, ya kabureta. Hiyo ina selfu, na ubavuni mwa injini ina kishikio cha kamba kama cha jenereta. Nilipoinunua sikuijali ile kamba. Niliona ni pambo la mashine za kizamani, na miezi sita ya mwanzo sikuigusa hata mara moja.

Betri za kwadi huku hazifi kwa uzee, tunaziua wenyewe. Mgeni akiona mnazi ulioinama anasimama, anazima, anapiga picha, anawasha. Selfu inanyonya umeme mwingi kwa sekunde chache, kisha injini inatembea dakika tano mwendo wa kobe kwenye mchanga. Chaji haijarudi, keshazima tena. Hapo bado hujahesabu chumvi ya bahari inayoota ukungu wa kijani kwenye vichwa vya betri, wala bwana mmoja aliyeacha ufunguo umewashwa, taa zinawaka, yeye yuko kivulini na dafu lake.

Siku iliyonifungua macho tulikuwa Fukuchani, kwenye magofu ya ile nyumba ya mawe ya karne ya 16. Wageni wangu walikuwa mke na mume wa fungate, juu ya ile ya selfu tu. Wakati wa kuondoka, nabonyeza: tik, tik, tik. Basi. Vijana wa pale wakaja mbio. "Kaka, isukumwe tu hiyo!" Nikawaambia haiwaki kwa kusukuma, hawakuniamini. Bodaboda unaisukuma, unaweka gia ya pili, unaachia klachi, inakohoa na kuwaka. Kwadi yangu ile ni ya mkanda, yaani nguvu ya injini inapita kwenye mkanda unaojibana wenyewe injini ikizunguka, haina klachi ya mkono. Injini ikiwa imezimwa, yenyewe na magurudumu havijuani kabisa. Wakasukuma hata hivyo, mpaka wakalowa jasho, na bibi harusi akacheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilisubiri betri iletwe kwa bodaboda kwa muda wa karibu saa mbili, wageni wakarudi kwa daladala, na nusu ya pesa yao nikawarudishia.

Wiki tatu baadaye ile ya zamani nayo ikagoma, njiani tukitoka Kidoti. Nikakumbuka kamba. Nikavuta ya kwanza, kimya. Ya pili ikawaka. Mgeni alidhani ndivyo inavyowashwa siku zote.

Tangu hapo naivuta kila Jumatatu hata betri ikiwa nzima, kwa sababu kamba isiyoguswa inaozea ndani kwa jua na chumvi, na utakuja kuijua imeoza siku ya shida. Yangu ilishakatika mara moja, fundi akaifunga mpya nikinywa chai. Ikikatika usijifungulie mwenyewe kama hujui: ile springi ya ndani imejikunja kwa hasira, ikifyatuka inachana mkono.

Kuivuta kuna adabu yake. Gia iwe huru, breki ishikwe, kitufe cha kuzimia kiwe kwenye kuwasha (msicheke, nimewahi kuvuta mara kumi na tano kimezimwa). Vuta taratibu mpaka uhisi injini inakataa, irudishe, kisha vuta ndefu kwa mwili mzima. Usiizungushe kamba kwenye kiganja, injini ikipiga teke kinyume itaondoka na mkono wako. Na ukiwa umeitumbukiza kwenye maji, kamba ikakwama katikati, usishindane nayo, huenda silinda imenywa maji. Fungua plagi ya cheche kwanza, ndipo uvute uyateme.

Sasa kasoro yake, maana nimesikia watu wakiisifu kama dawa ya kila kitu. Yangu inawaka betri ikiwa imekufa kabisa kwa sababu ni ya kabureta na cheche yake inatoka kwenye koili za injini yenyewe. Kwadi nyingi mpya hazina kabureta, ni za injeksheni, mafuta yanapulizwa ndani kwa umeme. Pampu ya mafuta na kompyuta vinataka umeme kabla injini haijawaka. Betri ikiwa imechoka tu, taa za dashi zinawaka ila selfu haizunguki, hapo kamba inakuokoa. Ikiwa sifuri, utavuta mpaka Isha. Kwa hiyo ukienda kununua, iulize kamba, kisha uliza na aina ya mfumo wa mafuta. Muuzaji akisema "zote sawa tu", mwambie aichomoe betri avute mbele yako.

Ile ya selfu nimeinunulia pawabenki ya kubustia, ya kuazima umeme wa kuwashia betri ikifa. Ni nzuri, inazungusha hata injini nzito, na mtu asiye na nguvu za mabega anaiweza. Lakini nayo inataka kuchajiwa, haipendi kukaa kwenye boksi la joto mchana kutwa, na mara mbili nimeisahau nyumbani. Kamba sijaisahau hata siku moja, imefungwa kwenye injini.

Moja naiuza, na mnajua ni ipi. Juzi alikuja mteja kutoka Kendwa, akaniuliza ina tatizo gani. Nikamwambia haina tatizo, ila haina kamba. Akacheka, akasema yeye hana haja ya kamba. Nikamuongezea na pawabenki bure.