Balbu ipi ununue: kuanzia ya kuchukua bila wasiwasi hadi ya kuiacha dukani

Ukisimama mbele ya rafu ya balbu, macho hukimbilia namba ya wati kwa sababu ndiyo tuliyoizoea: 40 ya chumbani, 60 ya sebuleni, 100 ya jikoni. Namba hiyo inakuambia umeme utakaoliwa tu. Mwanga hupimwa kwa lumeni, nayo imeandikwa ubavuni mwa boksi, mara nyingi kwa herufi ndogo: lm. Balbu ya zamani ya njano, ile yenye waya ndani, ya wati 60 hutoa lumeni 700 hadi 800 hivi. LED ya wati 8 au 9 hutoa kiasi hichohicho. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha chochote, chukua lumeni ugawe kwa wati. Ikija chini ya 80, irudishe ulipoitoa. Ikifika 100, uko pazuri. Ikipita 150, hiyo ni balbu ya daraja la juu, na kama bei yake haikutishi, ichukue.

Tuseme taa moja inawaka saa 5 kila siku mwaka mzima, na zote tunazolinganisha zina mwanga unaokaribiana. Balbu ya njano ya wati 60 itakula uniti 110 hivi. Halojeni, ndugu wa balbu ya njano mwenye gesi ndani, ya wati 42, uniti 77. Enaji seva ya wati 14, uniti 26. LED ya wati 9, uniti 16. Na zipo LED za wati 4 zinazotoa mwanga huohuo kwa uniti 7 tu. Unaona mwenyewe kwamba ukombozi mkubwa ni kutoka balbu ya njano kwenda LED yoyote ile. Baada ya hapo tunagombania uniti chache, na swali linalobaki ni kama balbu itadumu. LED inayokufa baada ya miezi minane ni takataka ya plastiki, alumini na saketi, na umeme iliookoa hautoshi kuisamehe. Orodha hii nimeipanga kwa kutazama umeme na uhai kwanza, kisha mengine.

Nafasi ya kwanza: LED ya kawaida iliyotengenezwa vizuri

Namba moja haina mbwembwe. Ni balbu ya umbo la zamani, kofia nyeupe juu, kitako cha kukaza au cha pini chini, wati 5 hadi 9. Tatizo ni kwamba balbu mbili za namna hii zinaweza kufanana kwa kila kitu, moja ikadumu miaka minane na nyingine isimalize mwaka.

Siri iko ndani. Ukiing'oa kofia ya LED iliyokufa, ikiwa mezani na si kwenye holda, utakuta sahani ya alumini yenye vipande vidogo vya manjano vilivyopangwa kwa duara. Tazama kwa makini: mara nyingi kimojawapo kina kidoa cheusi katikati. Hicho ndicho kilichoungua. Katika balbu nyingi vipande hivyo vimeungwa kwa mfululizo, kwa hiyo kimoja kikikata, vyote vinazima. Na kiliungua kwa sababu mtengenezaji alibana matumizi: badala ya kuweka vipande kumi na sita vikafanya kazi kwa upole, ameweka vinane na kuvisukumia umeme mwingi. Mwanga unatoka uleule, joto linapanda, uhai unakatika. Usipoona kidoa, basi kilichokufa huenda ni ile saketi ya kitakoni inayogeuza umeme, hasa kapasita yake, kile kijipipa cha kuhifadhi umeme kwa muda, ambacho joto hukikausha taratibu.

Adui wa LED basi ni joto, na hilo linakupa vigezo vya kununulia. Balbu nyepesi kupita kiasi ina alumini kidogo ya kutolea joto. Ishike mkononi uilinganishe na jirani yake. Balbu ya wati 15 au 18 yenye mwili mdogo kama wa wati 7 ina kazi ngumu. Na kama taa yako imefunikwa kwa kioo pande zote, nunua ya wati chache, au tafuta boksi lililoandikwa wazi kwamba inafaa kwa taa zilizofungwa. Chumba kikihitaji mwanga mwingi, balbu mbili ndogo zitaishi kuliko moja kubwa inayojipika ndani ya kioo.

Boksi litasema saa 15,000 au 25,000. Saa 15,000 kwa matumizi ya saa 5 kwa siku ni zaidi ya miaka 8. Hesabu hiyo hutazama zaidi lini mwanga wa vile vipande utapungua hadi asilimia 70 ya ulivyoanza, wala haiahidi kwamba kapasita itafika huko. Mimi husoma dhamana kuliko saa. Anayeahidi saa 25,000 na kukupa dhamana ya miezi sita ameshakuambia anachokiamini. Dhamana ya miaka miwili kwenda juu ndiyo ya kutafuta, na risiti ihifadhiwe, maana bila risiti dhamana ni hadithi.

Kisha rangi. Imeandikwa kwa kelvini: 2700K hadi 3000K ni mwanga wa manjano wa kutuliza, 4000K ni mweupe wa wastani, 6500K ni mweupe unaoelekea bluu. Vile vipande vya manjano, kwa kweli, hutoa mwanga wa bluu. Ule unga wa manjano uliovifunika ndio unaouchanganya tuuone mweupe. (Kupata LED ya bluu inayong'aa kulichukua miaka mingi, na Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipewa Nobeli ya fizikia mwaka 2014 kwa kazi hiyo.) Watu wengi huchukua 6500K kwa kuwa dukani inaonekana kali na safi. Chumbani usiku inachosha, na barazani inaita wadudu zaidi, kwa sababu wengi wao huvutwa na bluu. Vyumba vya kulala na kupumzikia, 2700K. Jikoni na mezani pa kazi, 4000K. Ya 6500K ningeiacha kwa karakana.

Namba nyingine ya kutazama ni Ra, inayopima kama rangi za vitu zitaonekana zilivyo. Ra 80 inatosha kwa nyumba. Kwa kioo cha kujipambia au meza ya mshonaji, 90.

Mwisho, kupepesa. Kabla hujalipa, omba balbu iwashwe, fungua kamera ya simu uisogeze karibu. Ukiona mistari myeusi inayopita kwenye skrini, saketi yake ni ya ovyo. Jicho huenda lisiione, ila wapo wanaoumwa kichwa chini ya taa za namna hiyo bila kujua sababu.

Ya pili: LED ya kioo yenye nyuzi

Inafanana na balbu ya zamani: kioo kitupu, ndani mna vijiti vyembamba vya manjano. Mwanga wake husambaa pande zote, plastiki ni kidogo, na LED zenye ufanisi mkubwa kuliko zote madukani ziko kwenye kundi hili. Lebo ya nishati ya Ulaya iliyopangwa upya mwaka 2021 hudai lumeni 210 kwa kila wati ili balbu ipate daraja A, na balbu nyingi zilizofika huko zina sura hii. Mbona basi si ya kwanza? Kioo huvunjika, na kwa zile za bei ya chini saketi imebanwa ndani ya kitako kidogo mno, kwa hiyo zinapepesa. Ukipata iliyo nzuri kwa taa inayowaka saa nyingi, ipandishe iwe ya kwanza katika orodha yangu, sitabisha.

Ya tatu: tyubu ya LED

Hii ni kwa wenye taa ndefu za ukutani au darini. Tyubu ya zamani ya mita 1.2 yenye wati 36 inabadilishwa na LED ya wati 16 hadi 18. Kikwazo ni kilicho ndani ya boksi la taa. Kama kuna choki nzito ya waya (kidhibiti cha umeme wa tyubu) na stata (kile kijipipa cha kuiwashia), tyubu nyingi za LED huja na stata yake maalumu: unatoa ya zamani unaweka hiyo, basi. Kama choki ni ya kielektroniki, ama ununue tyubu iliyoandikwa kwamba inaivumilia, ama fundi aiondoe na kuunga waya upya. Hapo usifanye majaribio mwenyewe. Baadhi ya tyubu hupokea umeme upande mmoja na nyingine pande zote mbili, na kukosea kunaweza kuchoma tyubu au mtu. Fundi akimaliza, abandike karatasi ndani inayoonyesha alivyounga.

Ya nne: balbu ya kuchaji

Ina betri ndani na huendelea kuwaka umeme ukikatika. Penye kukatika mara kwa mara ni bora kuliko mshumaa au taa ya mafuta, kwa moshi na kwa hatari ya moto. Lakini betri huchoka kabla ya LED, na ikichoka wengi hutupa yote. Tafuta inayofunguka, yenye betri ya lithiamu ya duara inayoweza kubadilishwa. Na isiwe kila chumba; moja au mbili mahali pa kupita zinatosha.

Ya tano: balbu ya kuamriwa kwa simu

Inafurahisha, sikatai. Ila haizimiki kabisa: inakaa ikisubiri amri, na kusubiri huko kunaweza kula nusu wati usiku na mchana. Nusu wati kwa mwaka mzima ni uniti 4 na zaidi. Balbu ya wati 9 ya stoo inayowashwa nusu saa kwa siku hutumia chini ya uniti 2 kwa mwaka. Kwa hiyo stoo yenye balbu ya kuamriwa kwa simu inalipia kusubiri kuliko kuangaza. Ina maana tu pale inapozima taa ambazo zingesahaulika zikiwaka, na kwa kazi hiyo kihisi cha mwendo ukutani hufanya vilevile bila programu itakayoachwa na mtengenezaji miaka michache mbele.

Ya sita: paneli na taa za dari zisizobadilishwa balbu

Nyumba mpya zimejaa hizi. Ni bapa, ni maridadi, umeme hazili sana. Ikifa, unang'oa taa nzima, na ukiikosa ya ukubwa uleule dari linabaki na tundu. Kama umeshaamua kuziweka, chagua ambayo kile kiboksi cha umeme kimekaa nje na kinaunganishwa kwa plagi ndogo. Mara nyingi ndicho kinachokufa, na chenyewe hubadilishwa kwa dakika chache.

Ya saba: enaji seva

Ilifanya kazi nzuri enzi zake. Sasa LED imeipita kwa kila kipimo, na ndani ina zebaki, miligramu chache. Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa wa kupunguza zebaki, zilikubaliana mwaka 2023 kumaliza uzalishaji na biashara ya taa za jumla za aina hii na za tyubu ifikapo mwisho wa 2027. Usinunue mpya hata ikiwa ya ofa. Uliyo nayo na bado inawaka, iache iwake mpaka ichoke. Kuitupa nzima hakuokoi kikubwa. Ikivunjika, fungua dirisha, watu watoke kwa dakika 10 hivi, zoa kwa karatasi ngumu, malizia kwa utepe wa gundi au kitambaa kibichi, funga vyote kwenye chombo chenye kifuniko. Usipitishe ufagio wala mashine ya kunyonya vumbi, maana hutawanya zebaki.

Za mwisho: halojeni na balbu ya njano

Asilimia 90 na zaidi ya umeme wa balbu ya njano hutoka kama joto, na kwa kawaida hufa ikifika saa 1,000. Saa hizo 1,000 zina historia: mwaka 1924 watengenezaji wakubwa wa balbu duniani walikutana Geneva, wakaunda umoja uliojulikana kama Phoebus, wakakubaliana balbu zisidumu zaidi ya hapo, na aliyezidisha alitozwa faini. Hii ndiyo aina pekee ninayosema itoe leo hata kama ni nzima, isipokuwa ile ya ndani ya jiko la kuokea, kwa sababu LED haiwezi joto la humo.

Kabla hujalaumu balbu

Kuna LED zinazobaki na mwanga hafifu hata baada ya kuzima. Wakati mwingine ni swichi yenye kijitaa cha alama, kinachopitisha umeme kidogo. Wakati mwingine ni kosa la zamani ukutani: swichi imewekwa kwenye waya wa nutro (unaorudisha umeme) badala ya laivu (unaouleta). Hapo holda ina umeme hata swichi ikiwa imezimwa, na anayebadilisha balbu anaweza kupigwa shoti. Muite fundi apime. Vilevile kama balbu zinakufa kila mara kwenye holda ileile na kwingine zinadumu, mwache muuza duka. Tazama ulimi wa shaba ndani ya holda kama umelegea au umeungua, kisha badilisha holda.

Unapobadilisha nyumba nzima, usinunue zote siku moja. Anza na taa inayowaka saa nyingi kuliko zote, kawaida ya jikoni au ya nje ya usiku kucha, ununue balbu mbili za aina moja. Andika tarehe kwenye kitako kwa kalamu ya wino usiofutika. Zikipita miezi kadhaa bila kupepesa wala kufifia, ndipo urudi kuchukua zilizobaki za aina hiyohiyo. Zilizokufa zikusanye kwenye boksi lao, mbali na taka za jikoni, mpaka upate pa kupokelea taka za kielektroniki.