Kalamu za wino za kuchorea mtaani, ipi ununue kwanza

Kama unataka kuchora watu wa stendi, mama ntilie, mafundi cherehani barazani, moja kwa moja kwa wino bila penseli wala raba, basi kitu cha kwanza ni kalamu iandike palepale ukifungua mfuniko, maana konda anayening'inia mlangoni mwa daladala hakusubiri wewe utikise kalamu. Hicho ndo kipimo nilichopangia hizi, bei imekuja baadae.

Namba moja ni Platinum Preppy ya Japani, hata kama hela unayo. Ni dola chache tu, na ndani ya mfuniko kuna kikombe kidogo chenye springi kinachobana nibu, kile kichuma cha mbele kinachoandika, isipate hewa, yaani unaisahau kwenye begi miezi na ukiifungua inaandika. Chukua nibu ya 03, ile 02 ni nyembamba sana na karatasi za kwetu zinaikwaza. Ila katriji nyeusi, kile kichupa cha plastiki chenye wino unachochomeka ndani, inayokuja nayo ukipitisha rangi ya maji juu yake mchoro wote unakuwa tope, kwa hiyo agiza pamoja na katriji za Carbon Black za Platinum hao hao, huo wino ni wa pigmenti, yaani chembe za rangi zisizoyeyuka kwenye maji, ukishakauka unapaka rangi juu na mstari haubanduki. Udhaifu wake ni plastiki, ukiikalia imeenda.

Ya pili Sailor Fude de Mannen, na hii naipenda mno. Ncha ya nibu imekunjwa kwenda juu, kuna ya digrii 40 na ya 55. Ukiilaza inatoa mstari mnene unaojaza kivuli chote chini ya mwavuli wa muuza matunda kwa mikwaruzo miwili mitatu, ukiisimamisha inakuwa nyembamba, ukiigeuza kichwa chini inatoa uzi wa kuchorea miwani au nakshi za kofia. Kalamu moja na unapata mkono mzima wa mpika chapati, mnene begani, mwembamba vidoleni! Anayeanza itamsumbua kidogo mwanzoni, avumilie tu.

Lamy Safari ya Ujerumani naiweka ya tatu, ipo tangu 1980, imara kweli na nibu unachomoa unabadilisha mwenyewe, chukua EF, ile nyembamba kuliko zote za Lamy. Tatizo ni gharama, maana ukitaka wino wa pigmenti wa chupa lazima ununue na konvata, kile kifaa cha kunyonya wino wa chupa kinachokaa mahali pa katriji, na ile shikio lake la pembe tatu linakulazimisha ushike namna moja wakati mchoraji anataka kuizungusha.

Jinhao za China ni za mwisho, bei rahisi sana, ila hazilingani, moja inateleza vizuri nyingine inakwaruza. Za kujaribia zinafaa.

Wino wa chupa wa kalamu za kuchovya, ule wenye sheliki, utomvu unaoganda kama vanishi, usiuweke humu hata siku moja, ukikauka ndani umeua kalamu. Karatasi nayo, ya fotokopi gramu 80 wino unatokea upande wa pili, tafuta gramu 150 kwenda juu. Na kila unapobadilisha katriji pitisha maji ya kawaida mpaka yatoke meupe, na kama unajua hutachora mwezi mzima toa wino kabisa, hasa kwenye Lamy na Jinhao.