Wikendi nne na tela la kulala, Msimbati hadi Kilwa: uzoefu wangu

Mwaka huu tumekodi tela la kulala mara nne, kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili, zote kwa mtu mmoja hapa Mtwara mjini. Ndugu na jirani wananiuliza kila mara: shilingi 110,000 kwa usiku zina maana gani, wakati hema unanunua mara moja ukamaliza? Kwa familia yenye mtoto mdogo na mzee, mimi nasema zina maana. Ila sababu siyo kitanda, kama nilivyodhani mwanzoni. Ni jiko na maji.

Lenyewe ni tela dogo la ekseli moja, linavutwa na Prado yetu bila taabu. Bodi ni kama kasha la bati lenye mlango ubavuni. Ndani kuna godoro la watu wawili na vidirisha vyenye wavu, juu ya paa kuna hema la kukunjua lenye ngazi. Nyuma unainua mfuniko, unakuta meko mawili ya gesi, meza ya kuvuta, droo za vyombo na bomba la maji kutoka tenki la lita 80. Paneli ya sola na betri vinatosha taa, feni ndogo na simu. Friji hakuna, tulibeba deli la barafu.

Anayepika kwenye safari za familia ananielewa. Ukienda ufukweni na hema, Jumamosi nzima unahangaika: mafiga, kuni mbichi, mchanga ndani ya sufuria, dumu la maji linalopita mkono kwa mkono. Hapa tunafika jua likizama, nainua mfuniko, na chai iko tayari kabla watoto hawajavua viatu. Asubuhi pale Msimbati nilinunua pweza kwa kina mama waliotoka mwambani maji yakiwa yamekupwa, nikamsafisha kwa maji ya bomba nikiwa nimesimama wima, mgongo haujauma. Kisima tulichoonyeshwa jirani kilikuwa na maji ya chumvichumvi, kwa hiyo lita zile 80 ndizo zilizotubeba. Watu watano tulizitumia siku mbili kwa kunywa, kupika na kuosha vyombo. Mkianza kuogea, hazifiki Jumamosi jioni.

Sasa mchanga. Msimbati iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, na kiingilio unalipa. Ukishaacha lami, gari lenyewe linavuka vizuri likiwa limepunguzwa upepo. Mara ya kwanza tulishusha upepo wa matairi ya gari kutoka PSI 35 hadi 18, ya tela tukayaacha vilevile. Magurudumu yake yakachimba mchanga kama jembe la ng'ombe, tukakwama karibu na mikorosho. Vijana waliokuja kusukuma ndio waliotuambia, "Mama, na tela nalo lipunguzeni upepo." Tulipofanya hivyo, likatoka kwa msukumo mmoja. Bebeni pampu ya kujazia kabla ya kurudi lami, na kipande cha ubao cha kuweka chini ya kile kigurudumu kidogo cha mbele kinacholishikilia tela likifunguliwa kwenye gari. Bila ubao kinazama na tela linalala kichwa chini usiku kucha.

Safari ya pili tulikwenda Kilwa Masoko, na hiyo ndiyo iliyonitia hofu. Nyuma tulikuwa tumerundika kila kizito: deli, gunia la mkaa, mtungi wa akiba, madumu mawili. Tulipoipita Mikindani mume wangu akaongeza mwendo, na tela likaanza kutikisa mkia, kwanza kidogo, kisha likawa linavuta gari zima kulia na kushoto. Hakukanyaga breki. Aliondoa mguu kwenye mafuta, akashika usukani kwa utulivu hadi likatulia lenyewe. Tukaegesha, tukapakua vyote. Mzigo ukizidi nyuma ya ekseli, mkono wa mbele wa tela unanyanyua mkia wa gari, matairi ya nyuma yanapungukiwa na uzito wa kushika barabara, na mtikisiko ukianza unajizidishia. Vizito tukaviweka juu ya ekseli na mbele yake kidogo, tukaenda kilomita 80 kwa saa bila kuzidi. Halikutikisika tena hadi Nangurukuru.

Jambo hili mwenye tela hakutuambia. Alitumia nusu saa kutuonyesha ngazi na taa, akaliacha lile linaloweza kuua watu. Nilimweleza tuliporudi, na ninarudia hapa: kila anayekodisha tela amfundishe mteja kupakia kabla hajampa funguo.

Kilwa yenyewe ilitupa furaha kubwa. Tela lilibaki Masoko penye mlinzi, sisi tukakata kibali na kuvuka kwa boti hadi Kilwa Kisiwani, kwenye magofu ya mji wa kale. Magofu yale na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara yaliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, na Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipita Kilwa mwaka 1331. Pale Husuni Kubwa, gofu la jumba la sultani, mwanangu wa miaka tisa alisimama muda mrefu kwenye birika la pande nane, akiuliza nani alikuwa anachota maji ya kulijaza. Hata hivyo, kutoka Mtwara ni karibu kilomita 300, na kwa siku mbili sikushauri. Tulifika usiku, tukaondoka tukiwa bado tumechoka. Ngojeni wikendi yenye sikukuu. Lindi mjini ni karibu zaidi, tulilala huko safari ya tatu bila tatizo, tukanunua ming'oko ya kuchemsha njiani.

Ya nne tulirudi Msimbati pamoja na mama yangu. Mpango wa karatasi ulikuwa mama alale ndani na mtoto mdogo, sisi wazazi juu ya paa. Mume wangu akakataa katakata: hawezi kulala juu ya kichwa cha mkwewe. Nikaona ana haki. Watoto wakubwa wakapanda juu, sisi tukapiga hema dogo pembeni. Familia zenye wakwe zilifikirie hilo mapema, maana tela la namna hii limechorwa na watu ambao jambo hilo haliwahusu. Mama alilala vizuri. Alishuka ngazi moja tu kwenda haja, taa ikiwaka mlangoni, na magoti yake hayakugusa mchanga.

Jioni hiyo tulikuwa tumeegesha chini ya mivinje, mahali palepale pa mara ya kwanza. Mzee mmoja mvuvi alipita, akatazama magurudumu, akasema, "Mwanangu, leo bamvua. Maji yatafika hapo." Mwezi ulikuwa mpevu na sisi hatukuangalia. Tulisogea juu hatua kama thelathini. Saa za usiku nilichungulia na tochi, povu lilikuwa limelamba alama za matairi yetu ya mwanzo. Asubuhi tulimpelekea mzee uji na chapati.

Kasoro niliyobaki nayo ni zipu ya hema la juu. Ilikuwa imekatika kabla hatujachukua, mwenye tela alijua, akadhani hatutaona. Watoto waliumwa na mbu usiku wa kwanza, tukashona kwa sindano ya mkoba wangu. Alirudisha shilingi 20,000, lakini kwa mkoa wenye malaria, wavu mzima siyo nyongeza ya kujadili bei.

Mawili ya mwisho. Kusi, ule upepo wa kusini, likivuma, geuzeni jiko liangalie kaskazini, la sivyo moto wa gesi hausimami. Na baada ya pwani, osheni chini ya tela kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, springi na beringi zinaliwa na chumvi haraka.

Tumeshalipia Ijumaa ya pili ya mwezi ujao, Msimbati tena. Safari hii nimehesabu mwezi: ni maji mafu, bahari haipandi sana. Na zipu mpya nimeifungua na kuifunga mwenyewe mara tatu.