Shule ya mtandaoni nyumbani: mkubwa imemfaa, mdogo nimemtoa

Naandika hii kwa wazazi wanaofikiria kumtoa mtoto darasani asome nyumbani kwa mtandao. Mimi ninao wawili, mkubwa yuko sekondari na mdogo ndo kwanza anajifunza kusoma na kuandika, wote niliwaandikisha shule moja ya mtandaoni (jina silitaji), mfumo uleule, utaratibu uleule, lakini matokeo ni mbingu na ardhi.

Inavyokwenda ni hivi, kuna vipindi vya laivu, kuna vilivyorekodiwa, halafu mazoezi mtoto anajaza humohumo kwenye mfumo na mengi yanasahihishwa na kompyuta yenyewe. Mwalimu ukimtaka nje ya kipindi unamwandikia meseji, na kusema kweli wanajibu.

Rekodi ndo kitu nilichokipenda kuliko vyote. Mkubwa alikuwa anasumbuliwa na milinganyo ya kipeo cha pili, ile ya kukamilisha mraba, mfano x² + 6x = -5, mwalimu anachukua nusu ya 6 anapata 3, anaizidisha kwa yenyewe inakuwa 9, anaijumlisha pande zote mbili. Sasa yeye hakuwa anaelewa hiyo 9 imetokea wapi, darasani angenyamaza tu wenzake wasimuone mzito, lakini hapa karudisha nyuma palepale, karudisha tena, kaandika kwenye daftari, tena mpaka ikaingia, hakuna wa kumcheka wala kengele ya kumkatiza. Na kwenye laivu anauliza maswali kwa kuandika, mtoto ambaye miaka yote nilikuwa naambiwa hanyooshi mkono! Hilo peke yake kwangu lina thamani kubwa sana.

Ila sasa usahihishaji. Siku moja jibu lake la mlinganyo huohuo lilikuwa x = -1 peke yake, mfumo ukampa kosa na alama nyekundu, basi. Kumbe njia yote iko sawa, alifika (x + 3)² = 4 vizuri kabisa, akasahau tu kwamba kipeuo cha 4 ni 2 na pia -2, kwa hiyo -5 nayo ni jibu. Mwalimu aliyesimama nyuma yake angeligundua hilo kwa sekunde, kompyuta inaona jibu la mwisho tu haioni kazi. Tulichofanya ni kupiga picha daftari na kumtumia mwalimu, na hapo anasaidiwa vizuri, lakini lazima wewe mzazi usukume.

Sayansi kwa vitendo ni dhaifu, sifichi. Jaribio la kuchanganya asidi na besi wanalifanya kwenye skrini, unabofya rangi inabadilika, imeisha. Kwenye maabara ya kweli tone moja likizidi umeharibu na unaanza upya, na ule utulivu wa mkono haufundishwi kwa kubofya.

Mdogo sasa. Huyu sikumwacha amalize muhula. Kamera inaonesha uso wake, tatizo liko kwenye vidole! Mwalimu anamwambia "andika b", anaandika, ananyanyua daftari anasifiwa, ila mimi niliyekaa pembeni naona penseli ameishika kwa ngumi na hiyo b ameianzia kwenye tumbo ndo akapandisha mti. Hakuna namna mwalimu aione hiyo. Ikawa mimi ndo namshika mkono, mimi ndo nawasha maiki, mimi ndo namrudisha kwenye kiti kila dakika mbili, yaani ada nalipa na kufundisha nafundisha mimi. Mzazi anayeshinda kazini hawezi kabisa. Na mtoto wa umri huo anahitaji kugombania mpira na mwenzie na kusubiri zamu yake, mambo hayo skrini haina. Wenye watoto wadogo zaidi ya huyu wangu wajue WHO mwaka 2019 walishauri watoto wa miaka 2 hadi 4 wasizidishe saa 1 ya skrini ya kukaa tu kwa siku, na hapo katuni ni humohumo.

Kuna watu wanaipinga shule ya mtandao kwa kukumbuka 2020 wakati wa korona, pale UNESCO walihesabu wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 shule zao zimefungwa. Mimi naona si haki kupima kwa kile kipindi, walimu wengi walitupwa kwenye kamera bila maandalizi. Shule iliyojengwa kwa ajili ya mtandao toka mwanzo ina ratiba, ina rekodi, na vipindi vyake ni vifupi. Ambalo halijabadilika ni intaneti, video ya darasa zima saa moja inaweza kula GB nzima au zaidi, kwa hiyo kama unategemea bando la simu piga hesabu ya data kabla ya ada.

Maoni yangu: mtoto wa sekondari anayeweza kukaa na kitabu bila kusimamiwa, mgonjwa wa muda mrefu, anayehamahama na wazazi, au aliyeteswa na wenzake shuleni, hao nawashauri bila wasiwasi. Anayeanza kusoma, hapana. Anayezima kamera na kuhamia kwenye gemu, fikiria mara mbili, maana kwa mwalimu bado anaonekana yuko darasani.

Kabla hujalipa waulize mtihani wa mwisho anafanyia kituo gani na nani anamsajili, maabara anapata wapi, rekodi zinakaa muda gani, na nani anasahihisha kazi za kuandika kwa mkono. Majibu wakupe kwa maandishi, wakizungushazungusha tafuta shule nyingine.