Mkopo wa Bodi kwa shahada ya ustawi wa jamii: tathmini ya mnufaika

Niliingia katika orodha ya wanufaika wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu mwaka 2019, nilipoanza shahada ya ustawi wa jamii ya miaka mitatu jijini Dar es Salaam. Kila msimu wa maombi wadogo zangu wa kidato cha sita huniuliza kama fani hii inaweza kulilipa deni lake, na nimeona ni vyema niitathmini huduma hii kama mtu anavyotathmini bidhaa aliyoinunua kwa fedha zake, kwa sababu fedha ni zangu kweli. Tofauti ni kwamba nilitumia kwanza, nalipa sasa.

Kwa upande wa masomo sina malalamiko. Bumu letu, yaani posho ya chakula na malazi, lilikuwa shilingi 8,500 kwa siku (lilipandishwa hadi 10,000 mwaka 2022, sisi tukiwa tunaaga), nalo lilitosha kuchangia chumba cha watu wanne Sinza na kununua mchele na gesi, ingawa wiki ya mwisho kabla ya kusaini tena kupokea bumu ilikuwa ya ugali na dagaa bila mjadala. Nisingesoma bila mkopo. Nilipohitimu, bumu, ada, vitabu na fedha za mafunzo kwa vitendo vilikuwa vimefikia shilingi 9,000,000, na ada ya uendeshaji ya asilimia 1 ikalifanya deni kuwa 9,090,000.

Ugumu unaanza pale deni hilo linapokutana na mshahara wa mwanzo wa fani yetu. Ajira yangu ya kwanza ya mkataba, katika shirika lisilo la kiserikali, ilikuwa ya shilingi 600,000 kwa mwezi. Ukitoa mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, 60,000, kodi ya mapato 24,000, na makato ya Bodi ambayo ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 90,000, mkononi zinabaki 426,000, na hapo hujalipa kodi ya nyumba wala nauli. Kabla ya marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 makato yalikuwa asilimia 8, ambayo kwangu yangekuwa 48,000. Asilimia 15 ni ileile kwa mhandisi na kwa afisa ustawi, lakini anayeanza na kipato kidogo ndiye anayeisikia kwenye sufuria. Kwa mwendo huo deni langu linahitaji miezi 101, yaani zaidi ya miaka minane.

Hata hivyo ningelipima vibaya kama nisingetaja lililobadilika mwaka 2021, ilipofutwa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo. Ingekuwepo, deni langu lingeongezeka kwa takriban 540,000 kwa mwaka, wakati makato yangu ya mwaka mzima ni 1,080,000. Nusu ya jasho ingekuwa inaishia kwenye tozo. Leo deni lisilolipwa linakaa palepale, na kwa fani yenye mapengo marefu ya ajira kama yetu sioni sifa ya mkopo huu inayoizidi hiyo.

Mapengo hayo ndiyo gharama halisi ya shahada hii, na hayaandikwi kwenye fomu ya maombi. Baada ya kumaliza Julai 2022 nilijitolea miezi 14 katika kitengo cha ustawi wa jamii cha hospitali moja, kwa posho ya nauli ya 150,000. Kazi yangu ilikuwa kuwahoji wagonjwa ili kujua nani hana uwezo na anastahili msamaha wa matibabu. Siku moja bibi mmoja aliyekuwa akimuuguza mumewe, baada ya kujibu maswali yangu yote kuhusu kipato, aliniuliza kwa upole, "Na wewe mwanangu, wanakulipa?" Nilimjibu kwamba riziki ipo. Muda wa miezi 24 ambao Bodi humpa mhitimu kabla ya kudai marejesho ulikuwa ukiyoyoma, na usaili wa ajira serikalini uliwakusanya watu wengi mno kwa nafasi chache.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwombaji ni huu: chukua mkopo bila hofu, lakini hesabu miaka miwili baada ya kuhitimu kama sehemu ya masomo, na ujue mapema utalala wapi na utakula nini. Mwenye njia ya kuanza na stashahada, akapata kazi kisha akajiendeleza, aipime kwa makini. Wenzangu wawili waliopita huko walikuwa tayari wanalipwa mshahara nilipokuwa bado nasaini bumu.

Jambo jingine ni kuomba taarifa ya deni mara kwa mara. Mwajiri wangu alinikata 90,000 kwa miezi minne bila kuiwasilisha kwa Bodi, ingawa anapaswa kufanya hivyo ndani ya siku 15 baada ya mwezi kuisha. Niligundua tu kwa kulinganisha hati zangu za mshahara na taarifa hiyo, na shilingi 360,000 ziliingizwa baada ya barua tatu. Mradi uliokuwa ukinilipa mshahara ulifungwa Februari 2025, wafadhili wa Marekani waliposimamisha fedha, nikiwa nimekatwa miezi 16. Taarifa ya deni niliyoitazama juzi inasoma 7,650,000, tarakimu zilezile za mwezi ule.