Greda moja halmashauri mbili: mwezeshaji wa kulipwa au tuongee wenyewe?
Mkoa wa Tanga una halmashauri 11, na Korogwe na Handeni kila moja imegawanywa mji na wilaya, sasa majirani kabisa hao kila mtu anataka greda lake na gari lake la taka wakati sheria za serikali za mitaa za 1982 zinaruhusu kamati za pamoja.

Kuongea wenyewe jinsi ya kugawana greda, bila mtu wa nje wa kuongoza kikao, ni bei chee na mnafahamiana, ila mwenyekiti lazima atoke upande mmoja bana, akifunga hoja wenzake wanahisi wamepigwa chenga. Nilishakaa kikao cha hivyo (sisemi wapi), asubuhi nzima tunabishania nani anajaza dizeli, chai ikapoa, tukaondoka na posho tu.

Mwezeshaji, yaani huyo mtu wa nje, hana greda wala kura. Anaongea na kila upande pembeni kwanza ajue nani anaogopa nini, halafu anatoa makapeni, anabandika makaratasi ukutani: siku za greda, dizeli, spea, dereva analipwa na nani. Gharama ipo, na akiondoka makubaliano hayajasainiwa basi hela imekwenda na maji. Mimi ningemlipa, ila vikao vya mwanzo tu, ratiba watendaji watamalizana kwa simu.