Kipima uongo au kupekua historia: kipi kinamtendea haki mwomba kazi?

Kipima uongo hakipimi uongo. Kinapima upumuaji, shinikizo la damu na jasho la vidoleni, kisha mtu ndiye anayetafsiri. Mkweli mwenye woga anaweza kuanguka. Aldrich Ames, ofisa wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, aliyewauzia Wasovieti siri, alifaulu kipimo hicho mwaka 1986 na tena 1991. Kwa uhakika, basi, upekuzi unashinda: cheti, mwajiri wa zamani na rekodi za mahakama hukaguliwa upya, na ukionewa unaweza kuleta ushahidi wako. Mchoro wa mashine utaubishia kwa ushahidi gani hasa?

Ila upekuzi nao hula muda, humwadhibu mtu kwa kosa la ujanani, na hauoni lisiloandikwa popote. Hapo mashine ina lake: wapo wanaokiri kabla haijawashwa.

Nchini Marekani, sheria ya 1988 inawakataza waajiri wengi binafsi kutumia kipima uongo. Serikali na baadhi ya kampuni za ulinzi hazikuguswa. Ukiomba kazi ya dukani huko, kataa bila woga. Ukiomba ya ujasusi, jiandae kwa vyote viwili. Na mwenye duka? Simu mbili kwa waliowahi kufanya kazi na mwombaji zinamtosha.